Kutoka Hola hadi Kivu: Historia ya Kuponya Kiwewe kwa Kuchunguza Mawazo

Mtu aliyenusurika shambulio huondoka na mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu ya yaliyotokea: milio, moshi, nyuso. La pili ni maelezo anayojipa mwenyewe kuhusu kwa nini yalitokea na yana maana gani kwa maisha yake yaliyobaki. Kumbukumbu haifutiki, wala hakuna tiba ya kweli inayodai kuifuta. Maelezo ndiyo yanayoweza kuchunguzwa. Mama anayeamini kwamba mwanawe alikufa kwa sababu yeye alichelewa kuamka, kijana anayeamini kwamba ng'ambo ya mto hakuna hata mtu mmoja wa kuaminika, mzee anayejionea aibu kwa kuwa alikimbia: kila mmoja wao anaumizwa mara ya pili na hukumu aliyojikatia mwenyewe. Tiba ya kiwewe kwa njia ya kuchunguza mawazo hufanya kazi juu ya hukumu hiyo. Miaka yake ni michache, lakini swali lake ni la zamani, na kando ya Mto Tana lina historia yenye ukurasa mweusi usioweza kurukwa.

Nanighi ni makazi ya ukingo wa Tana, kusini mwa mji wa Garissa, na jina lake ndilo jina la wadi mojawapo ya eneo bunge la Fafi. Wengi wa mbali walilisikia kwa ajili ya pampu. Maji ya mradi wa unyunyizaji wa Bura, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, yalivutwa mtoni hapo, na pampu zilipolemewa mashamba yakakauka na mradi ukaanguka. Kutoka Nanighi mto unashuka kupita Bura na Hola hadi Garsen, kisha delta na bahari. Kwa urefu huo wote, Wapokomo wamelima ardhi ya mafuriko, nao Waorma, Wawardei na Wasomali wamenywesha mifugo kupitia njia za kuendea maji ziitwazo malka. Kiangazi kikikaza, malka moja huamua uhai wa kundi zima la ng'ombe, na shamba lililolimwa katikati ya malka hugeuka kuwa sababu ya kumwaga damu.

Damu imemwagika mara nyingi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilifanya eneo lote la mashariki ya mto kuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo zikabaki muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza. Mwezi Novemba 1980, mji wa Garissa ulipitishiwa msako wa vyombo vya usalama ambao wenyeji hawajausahau hadi leo: nyumba zilichomwa, watu wakakusanywa na kuzuiliwa katika mateso. Mwaka 2001 mapigano ya wakulima na wafugaji yalizuka upya upande wa Tana River, yakichochewa na mpango wa kupima na kugawa ardhi. Kisha ukaja mwaka 2012. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa kilishambuliwa, zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ilikuwa zamu ya Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako askari polisi nao walikuwa miongoni mwa waliouawa. Desemba ilikuwa Kipao. Hadi mwanzoni mwa 2013 vijiji vya pande zote mbili vilikuwa vimezika zaidi ya watu 100, na maelfu walikuwa wamehama. Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka.

Kabla ya neno kiwewe kuingia katika kumbukumbu za hospitali, jamii za mto huu zilikuwa na njia zake. Matanga yaliwaweka wafiwa katikati ya watu kwa siku kadhaa ili wasikae peke yao na mawazo. Kisomo na dua vilimpa mgonjwa maneno ya kushikilia usiku. Gasa ya wazee wa Kipokomo na matadeda ya Waorma ziliketi kusuluhisha, na upande wa Wasomali diya, yaani fidia ya damu, ilijibu hadharani swali la nani alimkosea nani na kosa lina uzito gani. Njia hizi hazipaswi kudharauliwa. Jibu la hadharani linapokosekana, kila mtu hujitungia lake, na mara nyingi lililotungwa gizani ndilo baya zaidi. Hata hivyo diya hulipwa kati ya koo na koo. Haimfikii mama anayejiuliza saa nane za usiku kama angefunga mlango mapema.

Swali la mama huyo liliwahi kupata mwanachuoni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi ambamo alisema nafsi nayo huugua, na kwamba mtu mzima wa afya afanye kama anayeweka dawa ya dharura nyumbani: ajiwekee akiba ya mawazo mema akiwa mtulivu, ili hofu au huzuni ikimvamia awe na cha kuikabili. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu, na kila moja akaitafutia njia yake. Karne tisa na zaidi kabla ya hospitali za Ulaya kuandika jambo hilo, al-Balkhi alikwisha kuona kwamba namna mtu anavyolifikiria jambo ni sehemu ya ugonjwa na ni sehemu ya dawa. Katika nchi ya mto ambako wengi ni Waislamu, ni haki kukumbuka kwamba fikra hii haikuletwa kwanza na meli.

Kilichokuja na ukoloni kilikuwa kinyume chake. Mwaka 1938 daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari mjini Nairobi, akaiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, kilichodai kwamba Mwafrika ana upungufu wa kufikiri unaofanana na wa mgonjwa wa Ulaya aliyeharibika sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake juu ya Mau Mau. Humo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kuwa msukosuko wa akili, wa watu waliotoka katika mila zao bila kufika katika ustaarabu mpya. Likishaitwa ugonjwa wa mawazo, dai la ardhi halihitaji kujibiwa. Anahitajika tu wa kuyabadilisha mawazo hayo. Ndivyo mpango wa kuwarekebisha wafungwa wa Mau Mau ulivyopata sura ya kitabibu. Wafungwa waligawanywa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kwa kadiri walivyokuwa wamekiri kiapo cha Mau Mau, na wakapitishwa kutoka kambi hadi kambi mpaka wakiri.

Waliokataa kabisa walipelekwa Hola, kwenye ukingo wa Tana, kuchimba mifereji ya unyunyizaji. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 85 walitolewa kwenda kulazimishwa kufanya kazi. Walipigwa kwa marungu na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha vingine, na Bunge la Uingereza likajadili aibu hiyo mwezi Julai mwaka huo. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa serikali ya London kukiri: mwezi Juni 2013 ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Hola inastahili nafasi katika historia ya tiba ya mawazo kwa sababu inaonyesha mpaka wake. Kule pia kulikuwa na watu waliosema kwamba mawazo ya mtu ndiyo tatizo, kwamba yakibadilika atapona, na kwamba kukiri ni dawa. Kilichokosekana ni kila kitu kinachoifanya kazi hiyo kuwa tiba. Wazo la mfungwa halikupimwa kwa ushahidi, maana ushahidi ulikuwa upande wake. Jibu lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla ya swali, na aliyeuliza ndiye aliyeshika rungu. Mtaalamu yeyote anayefanya kazi leo kati ya Garissa na Garsen, akisema neno la kubadili mawazo, anasema mbele ya watu ambao babu zao waliwahi kusikia maneno ya namna hiyo.

Njia nyingine ilianzia Marekani, na ilianza kwa unyenyekevu. Katika miaka ya 1950 Albert Ellis mjini New York alianza kuwafundisha wagonjwa kutenganisha tukio, imani wanayoiweka juu ya tukio, na maumivu yanayotokana na imani hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Aaron Beck mjini Philadelphia alikuwa akiwasikiliza wagonjwa wenye sonona. Aligundua kwamba chini ya maneno yao kulikuwa na mfululizo wa mawazo ya haraka yanayojitokeza yenyewe, yote yakielekea kujishusha, kuona dunia ni mbaya na kesho ni giza. Beck hakuwaambia kwamba wamekosea. Aliwauliza: una ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Mgonjwa na daktari waliketi upande mmoja wa meza wakilichunguza wazo kama madai yanayohitaji kuthibitishwa. Kitabu chake kikuu kuhusu tiba ya sonona kilitoka mwaka 1979. Mwaka uliofuata, baada ya shinikizo la askari waliorudi kutoka Vietnam na la wanaharakati wa haki za wanawake, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutambua rasmi ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe.

Patricia Resick, mwanasaikolojia wa St. Louis, ndiye aliyeunganisha nyuzi hizo mbili. Wagonjwa wake walikuwa wanawake waliobakwa. Maelezo yaliyotawala wakati huo yalisema ugonjwa wa kiwewe ni hofu iliyoganda, na tiba yake ni kumrudisha mtu katika kumbukumbu mpaka hofu ipoe. Resick aliona kwamba wanawake wengi hawakusumbuliwa na hofu peke yake. Walisumbuliwa na aibu, hatia, hasira na kinyaa, na hisia hizo zilitokana na yale waliyoyaamini juu yao wenyewe baada ya tukio. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 aliunda tiba ya vikao 12, na pamoja na Monica Schnicke akaichapisha mwaka 1992 na kuitolea kitabu mwaka 1993. Imani zinazomzuia mtu asisonge mbele aliziita mawazo yaliyokwama.

Mawazo yaliyokwama huja kwa namna mbili. Wengine hulipindisha tukio ili litoshee imani ya zamani. Mtu aliyelelewa akiamini kwamba mema huwapata wema na mabaya huwapata waovu, akipatwa na baya, hubaki na njia moja ya kuiokoa imani hiyo: kujihukumu kuwa alistahili. Wengine huiangusha imani yote ya zamani na kuweka nyingine kali mahali pake: hakuna pahali salama, hakuna wa kuaminika, mimi si mtu tena. Katika vikao, mgonjwa hueleza kwanza tukio lina maana gani kwake, si jinsi lilivyotokea. Kisha hujifunza kuona uhusiano kati ya jambo, wazo na hisia. Baadaye hulisaili wazo lake. Mwishoni hupitia maeneo matano ambayo kiwewe huyavuruga zaidi: usalama, kuaminiana, uwezo wa kuyatawala maisha, heshima na ukaribu.

Mfano wa mama aliyechelewa kuamka unaonyesha jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Mshauri akimwambia si kosa lako, mama hutikisa kichwa kwa adabu na kubaki na wazo lake. Amekwisha kuambiwa hivyo na jirani 20. Mshauri anayeijua kazi huuliza. Usiku ule ulijua nini? Ulikuwa umewahi kusikia kwamba watakuja? Mlango ungefungwa, watu wangapi waliobeba mapanga wangezuiliwa nao? Nani aliyeamua kuua? Polepole mama huona kwamba amekuwa akiuhukumu usiku ule kwa elimu aliyoipata asubuhi. Huzuni ya mwanawe haiondoki, nayo haipaswi kuondoka. Ni haki ya marehemu. Hatia ndiyo inayolegea, na ikilegea, huzuni hupata nafasi ya kufuata njia yake ya kawaida. Hapo ndipo wengi hulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Je, ni kweli kwamba kubadilika kwa mawazo ndiko kunakoleta nafuu, au mtu akipata nafuu ndipo huanza kuwaza vizuri? Swali hilo ni zito, na kwa muda mrefu lilijibiwa kwa imani tu. Mwaka 2008 Resick na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 150 waliogawanywa mafungu matatu: tiba kamili, kuandika habari ya tukio peke yake, na kuchunguza mawazo peke yake. Mafungu yote yalipata nafuu, lakini waliochunguza mawazo bila kuandika habari ya tukio walipungukiwa na dalili haraka kuliko walioandika tu. Mwaka 2013 Birgit Kleim na wenzake nchini Uingereza walifuatilia wagonjwa 268 kikao kwa kikao, wakaona kwamba mawazo yakibadilika leo, dalili hupungua kikao kinachofuata, wala si kinyume. Halafu mwaka 2014 utafiti wa Alyson Zalta ulionyesha mpangilio huohuo hata katika tiba ya kurudia kumbukumbu, isiyogusa mawazo moja kwa moja. Inaelekea basi kwamba mgonjwa anayesimulia tukio mara nyingi na kuona kwamba hakufa kwa kusimulia, naye amebadili wazo: alidhani kumbukumbu itamvunja, amekuta haimvunji.

Kenya ililazimika kuijua kazi hii ghafla. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa. Watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vioo machoni. Daktari wa akili Frank Njenga na wenzake walikusanya maelezo ya watu 2,883 katika miezi ya mwanzo, na takriban asilimia 35 yao walikuwa na dalili za kutosha za mfadhaiko baada ya kiwewe. Nchi haikuwa na madaktari wa akili wa kutosha hata kwa sehemu ndogo ya idadi hiyo. Washauri nasaha walifundishwa kwa haraka, na tangu siku hizo ushauri nasaha umekuwa sehemu ya kila maafa makubwa ya Kenya. Baada ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipoua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, Msalaba Mwekundu wa Kenya uliweka washauri kwa ajili ya manusura na familia. Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret. Swali la kwa nini mwenzangu na si mimi ni miongoni mwa mawazo magumu zaidi kukwamuka, kwa sababu halina jibu, na akili iliyojeruhiwa hulipa jibu la kujilaumu ili lisibaki wazi.

Ushauri wa haraka na tiba, hata hivyo, ni vitu viwili. Anayefarijiwa siku ya kwanza amesaidiwa; anayeota jinamizi miaka miwili baadaye anahitaji kazi ya hatua kwa hatua. Katika nchi ya Tana, ambako daktari wa akili yuko safari ya siku nzima na karatasi za mazoezi hazimsaidii asiyesoma, swali lilikuwa kama tiba iliyozaliwa katika chuo kikuu cha Marekani inaweza kabisa kufika.

Jibu lilitoka mashariki ya Kongo. Mwaka 2011 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, shirika la International Rescue Committee pamoja na watafiti wa Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Washington, wakiwemo Judith Bass, Paul Bolton na Debra Kaysen, walijaribu tiba ya Resick kwa wanawake waliobakwa katika vita. Waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kikongo wenye elimu ya miaka michache baada ya shule ya msingi, waliokwisha kuwahudumia manusura vijijini, na waliosimamiwa kwa karibu muda wote. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika vijiji saba wanawake 157 walipata tiba ya vikundi, na katika vijiji vinane wanawake 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili yakaririwe kichwani. Tena lilichaguliwa lile toleo lisilomtaka mtu asimulie tukio. Hakuna mwanamke aliyetakiwa kueleza mbele ya kikundi alivyotendewa. Alileta wazo lake, na wazo ndilo likachunguzwa. Mtu anayekumbuka maungamo ya lazima ya miaka ya 1950 ataona uzito wa uamuzi huo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mwanzoni zaidi ya nusu ya wanawake wa pande zote mbili walikuwa na dalili nzito. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za kuhesabika kuwa na sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba na asilimia 42 katika msaada wa kawaida, na matokeo ya mfadhaiko baada ya kiwewe yalifanana na hayo. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wanawake wa vikundi vya tiba walirudi zaidi katika vyama na shughuli za kijiji. Yote haya yalitokea huku mapigano yakiendelea katika eneo hilo. Matokeo hayo yalivunja dhana iliyokaa muda mrefu, kwamba mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma hawezi kazi ya kuyachunguza mawazo yake. Dhana hiyo ni mjukuu wa dhana ya Carothers, na ilistahili kuvunjwa kwa tarakimu.

Si kila mtu alifuata njia ya Kivu. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wenyewe kutibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia, katika jaribio la watu 277, kwa kumsaidia mtu kusimulia maisha yake tangu kuzaliwa hadi leo, tukio la kutisha likiwekwa mahali pake kama sura moja tu. Matokeo yake ya mwaka 2008 yalikuwa mazuri, na kwa jamii za masimulizi njia hiyo ina mvuto wake. Jijini Nairobi, eneo la Dagoretti, mpango mfupi wa vikao vitano wa Shirika la Afya Duniani ulijaribiwa kwa wanawake 421 ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili. Waliounda mpango huo waliacha makusudi sehemu ya kubadili mawazo, wakihofu kwamba ni ngumu kwa wasaidizi wasio wataalamu. Badala yake waliweka kupumua kwa utulivu, kutatua matatizo, kurudia shughuli na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Wanawake walipata nafuu, ingawa ya kiasi. Hofu ya waundaji inaeleweka, lakini mbele ya ushahidi wa Kivu haiwezi kuwa neno la mwisho. Ugumu uko katika kuwasimamia wasaidizi kwa miezi mingi, na hilo ni suala la fedha.

Watoto nao walipata sehemu yao. Mjini Moshi, Tanzania, vikundi vya watoto yatima na walezi wao vilianza kupata tiba inayochanganya maombolezo na uchunguzi wa mawazo, kwa jina la Pamoja Tunaweza. Baadaye mpango huo ulijaribiwa kwa watoto 640 wa Moshi na wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, washauri wakiwa watu wa kawaida waliofunzwa. Ripoti ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba tiba ilishinda huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Baada ya mwaka mmoja faida hiyo ilikuwa imebaki Kenya tu. Kwa upande wa Tanzania watoto wa huduma ya kawaida walikuwa wamefikia nafuu ileile. Jambo hilo linafundisha kwamba mazingira anamoishi mtoto baada ya kikao yana sauti katika kupona kwake, pengine kubwa kuliko ya mshauri.

Kwa watu wa Tana, hilo ndilo tatizo kubwa zaidi. Wazo lililokwama ni wazo lisilolingana na ushahidi. Lakini mwaka 2024 mapigano yalizuka tena upande wa Bangale, serikali ikapeleka vikosi, na mkulima aliyesema wanaweza kurudi usiku alikuwa amesema kweli. Tiba haina ruhusa ya kumwambia mtu kama huyo kwamba hofu yake ni ugonjwa. Ikifanya hivyo, imerudi Hola. Kazi yake ni finyu zaidi na ya adabu zaidi: kumsaidia atenganishe hatari ya leo na hatari ya 2012, aone kwamba si kila anayechunga ng'ombe ng'ambo alibeba bunduki na si kila mwenye jembe alichoma nyumba, na achukue tahadhari inayotosha bila kufunga maisha yote. Wanawake wa Kivu waliweza kutenganisha hivyo wakiwa katikati ya vita.

Kisheria, njia imefunguliwa kidogo kidogo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa kusajili wanaofanya kazi hii. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo, na tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaolipwa posho na kuzunguka nyumba kwa nyumba. Elimu yao na nafasi yao kijijini zinafanana sana na za wale wanawake waliotibu Kivu. Karibu na Nanighi, upande wa mashariki wa mto wajibu huo ni wa kaunti ya Garissa, upande wa magharibi ni wa kaunti ya Tana River, na mgonjwa wa Nanighi anayevuka kwa mtumbwi hupita kutoka serikali moja hadi nyingine.